Neno la Aliyeondoka bila Kuaga

9 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha nene. Sijafukuzwa kazi, sijaugua, na sikuombi kitu isipokuwa Kiingereza chako ulichofundisha miaka yote hiyo na sasa kinaota kutu hapo barazani.

Nimepandishwa cheo, kaka. Mimi si mfunga chupa tena, ni karani wa mahudhurio! Nimepewa meza, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na dirisha linalotazama geti. Nje ya dirisha kuna ubao mkubwa wenye pande mbili, NJE na NDANI. Kila mfanyakazi wa kiwanda ana kibao chake cha chuma chenye namba. Akiingia anakitundika upande wa NDANI, akitoka anakirudisha NJE. Mimi natazama vibao, naandika rejista. Basi.

Ingekuwa kazi ya kukaa na kunenepa, kama si wenye kiwanda wapya. Wameamuru rejista iandikwe kwa Kiingereza ili huko waliko waisome wenyewe. Waliokuja kazini hawanisumbui, nawawekea alama ya vema. Wanaonitoa jasho ni wasiokuwepo. Wenye kiwanda wanataka kujua kila asiyekuwepo hayupo kwa namna gani. Wiki hii niliandika "absent" kwa watu kumi na saba. Meneja akanirushia ukurasa, akauliza kama wote wamekutana mahali pamoja. Naye Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini yeye ndiye meneja. Nisaidie.

Mwanao hajambo. Humu wanamwita Sindano, maana ndiye peke yake anayepita kwenye tundu la tangi la mafuta ya kupikia bila mabega kukwama, basi kazi ya kuosha matangi imekuwa yake. Jumapili anakula kwangu na anakomba sufuria, sijui chakula kinakwenda wapi. Nilipomwambia nakuandikia, alisema nikusalimie. Amesema mwenyewe, sikumlazimisha.

Macho ya wifi vipi?

Mdogo wako


14 Machi

Bibi karani,

Marahaba. Barua imefika, nimemsomea wifi yako, kwa sababu macho yake sasa yanaona ukungu tu, na karatasi akiishika ni kama ameshika jani. Amecheka sana habari ya kiti. Mimi sikucheka. Nilikimbilia kalamu.

Sikiliza vizuri. "Absent" ni neno la darasani: jina limeitwa, hakuna aliyeitika. Usilimwage kila mahali kama chumvi. Mgonjwa ni "off sick". Mwenye likizo iliyotiwa sahihi ni "on leave". Aliyetumwa na kiwanda mahali pengine, na mnajua ni wapi, ni "away", na unaongeza neno kuonyesha yuko wapi. Aliyeahidi kuja akawaacha mmekaa, wenyewe humwita "no-show", ila hilo ni la mdomoni, usiliandike kwenye kitabu cha watu. Halafu kuna "missing". Hapo usimame. Huyo ni mtu aliyetakiwa awepo, hayupo, na hakuna anayejua alipo. Ukiliandika hilo umewaambia watu wainuke wakamtafute. Si neno la kuchezea.

Waingereza wana na neno la mzaha, "to take French leave", yaani kuondoka bila kuaga. Eti hiyo ndiyo likizo ya Kifaransa! Wafaransa nao, nasikia, wanawasingizia Waingereza. Hakuna anayetaka kitendo hicho kiitwe kwa jina lake. Mimi sina wa kumsingizia, kilitokea nyumbani kwangu. Umeshasahau? Mwezi mzima tulibishana habari ya chuo cha ualimu, asubuhi moja nakuta kitanda kimetandikwa na mtoto hayupo. Hakuaga baba, hakuaga mama. Ndiyo tabia yake, na siku moja atakufanyia na wewe.

Haya. Mwezi wa nne tunamaliza kuezeka chumba cha uani. Mwambie kipo. Usiseme nimesema mimi, sema kasema wifi.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Naandika mbio mbio, kondakta wa basi la mchana ananisubiri. Tafadhali jibu mpe huyo huyo akirudi kesho asubuhi. Simu ya kiwanda imefungiwa ofisini kwa meneja na hatoi.

Nataka neno moja. Mtu ameondoka kazini kwa hiari yake, hakuomba ruhusa, hakuaga, na hatarudi. Ni kijana mmoja wa usafi. Hajaonekana tangu Jumamosi. Meneja anasema ametoroka, na kesho jioni rejista ya Machi lazima iende kwa wenye kiwanda ikiwa imefungwa, kila jina na neno lake. Mimi nilitaka kuandika "missing" kama ulivyonifundisha. Akang'aka! Nikiandika hivyo kanuni zinataka kazi isimame na kila mahali pakaguliwe, hata matangi yafunguliwe, na yameoshwa na kufungwa yote kungoja msimu.

Kinachonikera ni kibao chake. Bado kimetundikwa upande wa NDANI. Meneja anasema alikisahau kwa haraka ya kukimbia. Huenda. Watu wanasahau vibao kila siku, mpaka sauti inanikauka kwa kuwapigia kelele. Lakini bado nakitazama. Wewe unaonaje?

Sindano yupo, kazi zimembana. Habari ya chumba nimempa. Atakuandikia mwenyewe.

Mdogo wako


3 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Hilo ndilo swali! Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya ubao, hakuna mwanafunzi aliyeniuliza jambo lililonyooka namna hiyo.

Neno lako ni "absconded". Linakili herufi kwa herufi, maana hata wenye lugha hulikosea. Usiandike "left", hilo ni la mtu aliyeaga akapewa mkono. Usiandike "absent without leave", hilo ni la kambini na linamwachia mlango wazi. Hili langu linafunga. Ukitaka wakuheshimu, weka sentensi nzima: "Absconded from duty of his own free will, not expected to return." Wakiisoma hiyo huko waliko, wataulizana karani huyu kasomea wapi.

Kibao kisikuumize kichwa. Utasimamisha kiwanda kizima kwa kipande cha bati? Mwanangu mwenyewe aliondoka na funguo za nyumba mfukoni, nikakaa siku nne mlango umeegemezwa kiti. Watu wa namna hiyo hawarudishi vitu. Nilimtafuta hospitali mbili na kituo cha polisi, nikaonekana juha, kumbe yuko kwako anakunywa chai. Sitaki na wewe ujiaibishe kwa ajili ya mtoto wa watu asiye na adabu. Andika, tuma, ulale.

Na huyo wa kwetu mkumbushe barua. Mama yake kila basi likipita anauliza.

Kaka yako


12 Aprili

Kaka,

Kaa chini kabla hujasoma. Usimsomee wifi kwanza.

Yule kijana wa usafi niliyekuandikia habari zake ni Sindano. Nilikudanganya. Leo asubuhi wamefungua tangi namba nne walijaze mafuta, wakamkuta. Ametutoka, kaka. Mtoto wetu ametutoka.

Niliona haya. Uliniachia mwanao, nami nikampoteza hapa hapa chini ya dirisha langu. Jumapili ile hakuja kula, nikaenda chumbani kwake, nikakuta kitanda kimetandikwa, nikajisemea ndiyo tabia yake, kaka alishaniambia. Meneja aliposema ametoroka, nikaamini kwa sababu nilishaamini kabla hajasema. Nikadhani atatokea mji mwingine, atatuma salamu, nami nitakueleza mambo yakiwa yamepoa. Ndiyo maana nikaandika yupo.

Kumbe Jumamosi jioni alikuwa ndani anamalizia kusugua. Msimamizi akapita juu akifunga mifuniko, hakuita, hakutazama ubao.

Daktari anasema aliteleza kwenye ngazi, akapiga kichwa, akafa papo hapo Jumamosi ile ile. Hakuteseka. Mwambie wifi hakuteseka.

Njooni. Namtuma dereva wa basi mwenyewe alete barua hii mkononi mwako. Sijui nikutazame vipi, lakini njooni.

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Tulifika nyumbani salama. Wifi yako hajala kitu cha maana tangu tuzike, anakunywa uji nikimsimamia. Chumba cha uani kimeezekwa. Amehamia humo na sina nguvu za kumkataza.

Sikuandikii kukulaumu. Lawama tutagawana, na fungu langu nalijua. Neno lile ni langu, na sentensi yake ni yangu. Nililitoa nikicheka. Nilikuwa namsema mwanangu, sikujua kwamba kweli ni yeye. Sijamwambia mama yake kwamba nililitoa mimi. 

Ila kuna jambo. Siku ya mazishi, wewe ukiwa na wanawake, alinijia mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, akasema yeye ni fundi wa pampu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, nisamehe, mimi nilisikia." Nikamwuliza ulisikia nini? Akainua macho, akakuona wewe unakuja na birika, akauachia mkono wangu akaenda zake.

Na jambo la pili. Mliniambia nisimfunue. Nilimfunua. Niliiona mikono yake. Vifundo vya vidole vimechubuka mpaka mfupa, vyote, mkono wa kulia na wa kushoto. Mimi si daktari, lakini mtu aliyekufa papo hapo hawi na mikono ile.

Barua yako niliijibu tarehe tatu asubuhi, kwenye meza ninayoandikia sasa. Nataka unijibu swali moja tu. Nilipokuwa nakuandikia neno lile, mwanangu alikuwa hai?

Kaka yako


5 Mei

Mdogo wangu,

Siku kumi na moja sijapata jibu. Basi limepita mara kumi na moja, nimelipokea mwenyewe, mpaka kondakta sasa ananikwepa.

Ukidhani unanihurumia, acha. Nimekuwa nikihesabu usiku na mchana na hesabu haifungi. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Mtu anakaa siku ngapi? Tangi lililooshwa linabaki na maji chini? Nimemuuliza mganga wa zahanati kana kwamba naulizia mambo ya gazetini, akanitazama akaniuliza kama nalala.

Usiniandikie pole. Usinieleze msimamizi alifanya nini wala meneja alisema nini. Mimi na wewe tumenyonya titi moja. Niandikie siku.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimechana karatasi sita. Hii ya saba naituma hivyo hivyo ilivyo.

Daktari hakusema papo hapo. Hiyo niliitunga mimi, kwa ajili yako na wifi. Daktari alisema alivunjika mguu, na kichwani hakuwa na jeraha. Chini ya tangi yalibaki maji ya kusuuzia, kama kimo cha kidole, na aliyanywa. Ndivyo alivyosema, na wakaguzi waliandika.

Tarehe tatu barua yako ilifika saa tano. Nikaisoma, nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwa sababu ulikubaliana na meneja na mzigo ukanitoka. Nikainakili sentensi yako kwa mwandiko wangu mzuri. Meneja akaisoma akaitikia kwa kichwa, akaniambia sasa naona tuna karani. Nikakitoa kibao chake upande wa NDANI, nikakitia kwenye droo.

Tarehe nne asubuhi, saa mbili na kitu, fundi wa pampu alikuja dirishani. Alikuwa amepita nyuma ya matangi kukagua bomba. Akaniambia, dada karani, kule nyuma kuna kitu kinagonga. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Naona ni mabomba yanapoa, lakini hebu niangalizie, watu wote wametimia? Hakuna aliyepotea?

Nikaufungua ukurasa. Nilikwenda jina moja moja kwa kidole, kaka, sikufanya haraka. Wagonjwa watatu, wenye likizo wawili. Nikafika kwake, nikaliona lile neno limekaa vizuri. Nikamwambia, hakuna aliyepotea. Kuna mmoja tu hayupo, na huyo ametoroka. Akasema, basi ni mabomba. Akaenda zake.

Kwa hiyo siku uliyoandika alikuwa hai. Na siku ya pili yake alikuwa hai, mimi nimekaa hatua mia kutoka kwake na rejista mapajani. Daktari anadhani aliishi mpaka Alhamisi, tarehe tano. Zaidi ya hapo hajui.

Fundi alitaka kukwambia siku ya mazishi. Nilimwomba asiseme. Mimi ndiye niliyemnyamazisha, na yeye sasa anakunywa pombe kama maji.

Nimewaeleza wakaguzi yote haya, na kibao, na amri ya meneja. Meneja amekana. Anasema yeye neno lile hakuwahi hata kulisikia, atawezaje kuniamuru niliandike? Na kweli, kabla sijaliandika, hakuwahi kulisikia. Wamenisimamisha kazi mpaka watakapoamua. Wameniuliza nililitoa wapi. Nimesema kwenye kitabu. Sikuweza kukutaja, kaka. Wewe ukiniambia nikutaje, nitakutaja.

Sikuombi unisamehe. Naomba tu usiwe peke yako ukisoma hii. Lakini najua utakuwa peke yako, kwa sababu yule ambaye ungekaa naye ni wifi.

Mdogo wako


16 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata Jumatano. Nimeisomea shambani, nikakaa huko mpaka jua likanichoma shingo.

Nitaje. Barua yangu ya tarehe tatu wape wakaguzi, yote, na jina langu na kazi yangu. Yako ya tarehe mbili ninayo, ile uliyoandika habari ya kibao na amri ya meneja. Wakiitaka waje, nitawapa. Kwamba ulinidanganya yupo, nayo wataisoma, hakuna namna. Meneja asiponyoke kwa sababu mimi naona haya.

Huku usije mwezi huu. Mwezi ujao sijui. Nikikufikiria nakuona na kidole juu ya ukurasa, na nikijifikiria mimi najiona nacheka na kalamu mkononi, na sijui ni nani kati yetu nisiyeweza kumtazama. Nipe muda. Wewe ni mdogo wangu, hilo halifutiki, lakini nipe muda.

Wifi yako alijua kuna barua. Kondakta alimpita uani akamwambia, mama, leo mzee kapata barua. Akaniita. Nilimkuta amekaa kwenye kile kitanda kipya, mikono mapajani, akasema, "Kameandika nini katoto kale? Nisomee." Hajui kwamba umezeeka, kwake wewe bado ni katoto.

Nikakaa. Nikaikunjua barua yako mbele ya macho yangu, nikamsomea yasiyokuwemo. Nikasoma kwamba wakaguzi wamemaliza. Nikasoma kwamba daktari amethibitisha ni Jumamosi ile ile, aliteleza, akapiga kichwa, hakujua kitu. Nilisoma taratibu, kwa sauti yako, nikiweka vituo mahali pake. Miaka thelathini na moja nimewachapa watoto wa watu kwa kusoma yasiyoandikwa.

 Nilipomaliza alinyoosha mkono akaipapasa karatasi, akasema, "Mwalimu, hapo aliposema hakujua kitu, nisomee tena."

Nikamsomea tena.

Kaka yako